Koleo la Mhunzi, Koleo la Hospitali

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu karibu na Makambako, koleo nililijua moja tu: lile la mhunzi la kushikia chuma cha moto. Kwa hiyo mama aliporudi na kichanga kutoka hospitali ya misheni Njombe, na nesi aliyemsindikiza akaeleza kwamba mtoto alitolewa kwa koleo, bibi yangu mzaa baba alirudi nyuma hatua mbili. Kwetu iliaminika kwamba aliyeguswa na koleo ni mali ya moto, na moto hausahau chake.

Siku ile ukungu uliingia hadi ndani, na wote nawakumbuka kama watu waliokuwa wakielea. Nilimchungulia mdogo wangu. Alipolia, shavu moja lilikunjamana. La pili lilitulia tu, na jicho la upande huo likabaki wazi. Niliogopa, sifichi.

Nesi alimweleza bibi taratibu. Koleo lao halipashwi moto, huchemshwa. Daktari haligusi mpaka njia imefunguka yote na kichwa kimeshuka, na huvuta uchungu unapokuja, si vinginevyo.

"Na mtoto akikataa?" bibi aliuliza.

"Asiposogea, daktari anaacha, bibi, wanakwenda kupasua. Huyu mshipa wa shavu umeminywa kidogo. Mfunikeni jicho lisikauke. Wiki chache tu, mtaona."

Bibi aliitikia kwa adabu, kisha akakataa kumpa mtoto jina. Mama alilia sana. Asiye na jina alikuwa mgeni nyumbani. Hata angekufa, asingewekewa matanga.

Sijui zilipita wiki ngapi, maana ukungu wa msimu ule umenichanganyia siku zote. Mama alimfunika jicho kwa kitambaa safi. Bibi alimwosha kwa maji ambayo mhunzi alipozea chuma. Asubuhi moja mtoto alipiga mwayo, na macho yote mawili yakafumba. Bibi alikaa chini palepale jikoni, akamwita mtoto kwa jina la baba yake yeye bibi, akarudia na kurudia.

Kwamba mshipa ulipona wenyewe, leo nakubali. Nilichokosea miaka mingi ni kudhani bibi alilichukia lile koleo. Nilikuwa nimeshazaa mimi mwenyewe mama aliponiambia: bibi alizika watoto wake watatu waliokwama njiani wakati wa kuzaliwa, pasipo koleo lolote la kuwatoa, na wote watatu alikuwa ameshawapa majina wakiwa bado tumboni.