Siku Niliyomsemea Mama Mkwe

Mwanangu alinyonya mpaka akawa na meno yote. Manesi wa kliniki pale Kasulu walinicheka, na mmoja akaniuliza kama nasubiri aanze darasa la kwanza ndipo nimwachishe. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda machimboni, akapata mwanamke mwingine hukohuko, akazima simu. Mama yake, anayekaa Busunzu, njia ya Kibondo, akanitumia ujumbe kwa mdomo wa muuza maharage: mtoto akiacha ziwa, nakuja kumchukua, ni wa nyumba yetu. Basi nikahakikisha haachi ziwa. Aling'ata, nikavumilia. Siku zile nilikuwa na hasira mpaka nadhani hata maziwa yalikuwa yanatoka ya moto.

Katika hali hiyo ndipo nilipokutana na mwanachuo.

Nilikuwa nachapa barua na kutoa kopi kwenye steshenari moja mjini. Akaingia msichana wa Kipare na dodoso lake la kurasa kumi na mbili, raba zake zimeshakuwa nyekundu kwa vumbi letu, akauliza nani hapa anajua Kiha cha wazee, siyo hiki cha kuchanganya. Mwenye duka akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu. Ila ana mdomo."

"Mdomo ndio ninaoutafuta," akasema.

Alikuwa anasoma anthropolojia. Nilipomuuliza ni kitu gani, akasema ni kusoma watu, wanavyoishi. Nikamwambia watu hawasomwi, wanavumiliwa. Akacheka, akatoa daftari, akaandika. Nikajua huyu ana kasoro.

Alipanga chumba cha uani kwa mama yangu, na hapakuwa na jambo letu asilolidadisi. Kwa nini mama akisalimiwa anapiga makofi polepole, hata kama mikono ina unga. Kwa nini watu wanakaa walivyokaa kuzunguka chungu, na nani huwa anainuka wa kwanza. Aliuliza wakati anafua soksi, aliuliza wakati anamenya muhogo, aliuliza akiwa na tonge mkononi. Mama akaninong'oneza: "Huyu kwao hana mama? Hakufundishwa chochote?" Lakini nilimwona mama anavyokaa sawa kwenye kigoda kila akiulizwa. Amezaa, amelima, amezika, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anafanyaje.

Aliniajiri niwe mkalimani wake. Kazi yenyewe ilikuwa kuzungumza na wanawake wazee kuhusu malezi: nani alimbeba mtoto, nani alimpa jina, nani alimwachisha ziwa. Mwanangu tulikwenda naye kila mahali. Mwanachuo aliwahi kuomba ambebe, akafunga kitenge vibaya, mtoto akateremka mpaka makalioni. Tulikuwa kwenye gulio moja karibu na kambi ya Nyarugusu, na mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa anauza vitenge akaacha wateja, akamfungua, akamfunga upya. "Weye mamzeli," akamwambia, "unauliza sawa polisi, kumbe kubeba mtoto haujuwe." Lile nalo liliandikwa.

Alikuwa na kanuni moja iliyoniudhi kuliko zote. Nikitafsiri, nisiseme bibi kasema hivi na hivi. Niyachukue maneno yake kama yangu, nisipunguze, nisiongeze. Bibi wa kwanza, kule Munanila, alikuwa anasikia Kiswahili kidogo. Aliposema idadi ya watoto wake, nikamgeukia mwanachuo nikasema, "Nimezaa watoto kumi na mmoja." Bibi akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Wewe? Na kiuno hicho?"

Nikadhani baada ya aibu ile kanuni itakufa. Haikufa. Nilipojaribu kukatisha hadithi ndefu, mwanachuo alinishtukia. "Dada, bibi ameongea mpaka chai imepoa, wewe umenipa maneno manne. Mengine umeyapeleka wapi?" Ikabidi nijifunze kusikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia mtu yeyote, hata aliyenizaa.

Halafu ikaja orodha ya wazee wa kuhojiwa Busunzu. Mtendaji wa kijiji ndiye aliyeiandika, na jina la tatu lilikuwa la mama mkwe wangu.

Nilimweleza mwanachuo ukweli wote jioni ya kuamkia safari, tukiwa tunachambua maharage. Akasema tunaweza kumruka. Nikasema hatumruki, nina maswali yangu kwake.

"Basi huendi. Ukienda, unaenda kutafsiri. Maswali yako utayauliza siku yako, kwa nauli yako."

Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kiha. Asubuhi nikamwacha mtoto kwa mama, maana sikuwa mjinga wa kumpeleka mwenyewe mpaka mlangoni pa anayemtaka, tukapanda basi la Kibondo, tukamalizia kwa bodaboda.

Mama mkwe tulimkuta anaanika muhogo. Nikapiga goti, nikapiga makofi, nikamwamkia, "Mwakeye," kwa sababu hasira haimpi mtu ruhusa ya kukosa adabu. Akaitikia vizuri. Kisha akatazama nyuma yangu, mgongoni.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa mama."

"Haya."

Mwanachuo akasoma fomu ya ridhaa, nikaitafsiri, mama mkwe akaweka dole gumba, akatazama simu ya mwanachuo ikiwashwa kurekodi. Akasema: "Huyu akitaka kujua watu wanavyolea, si azae wake?" Hilo nililitafsiri kwa raha zangu zote.

Tukafika kwenye swali lenyewe. Mtoto akiachishwa ziwa, nini kinafuata? Mama mkwe akajibu bila kuinua macho kwenye muhogo: anakwenda kwa bibi yake mzaa baba, ni wa nyumba ile. Nikamgeukia mwanachuo.

"Tunaiba watoto," nikasema.

Akaweka kalamu chini. Kufikia wakati ule alikuwa ameshaokota Kiha kidogo, cha kutosha kunikamata. "Dada. Amesema hivyo?"

Ningeweza kudanganya. "Hapana."

"Rudia."

Nikarudia, kwa kanuni: mtoto anakwenda kwa bibi mzaa baba, ni wa nyumba ile. Yalikuwa maneno yaleyale ya muuza maharage, safari hii yanatoka kinywani mwangu.

Mwanachuo akauliza, "Na wa kwako, mama? Wao walikwenda?" Dodoso nilikuwa nalijua lote kwa kichwa. Swali hilo halikuwemo.

Mama mkwe aligeuza muhogo, kipande kimoja, cha pili, cha tatu. Kisha akaanza kusema taratibu, na mimi nikawa namfuata kwa Kiswahili.

"Wa kwanza wangu alikuwa msichana. Mama mkwe wangu mimi alikuja nikiwa nimekwenda kuteka maji. Alimkuta anacheza uani, akamfunga mgongoni, akaondoka. Niliporudi nilikuta kibakuli chake, uji haujaisha. Hapakuwa na wa kumuuliza, mkamwana haulizi. Maziwa yangu hayakujua kwamba mtoto hayupo. Nikawa nakwenda kuyakamulia kwenye mgomba, nyuma ya nyumba, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu..."

Mimi mwenyewe sikuwa nimenyonyesha tangu alfajiri, na nilihisi maziwa yakishuka, blauzi ikilowa mbele ya watu. Nikaikunja mikono kifuani. Mama mkwe alikuwa ameshaona.

"Bado ananyonya?"

"Ananyonya."

"Mkubwa vile?"

"Ana meno yote."

Alinitazama usoni, jambo ambalo tangu niolewe na mwanawe hakuwahi kulifanya. "Unamnyonyesha kwa ajili yangu."

"Ego," nikasema. Ndiyo.

Mwanachuo akaniegemea. "Mnasema nini?"

Nikamtafsiria kama alivyonifundisha: "Unamnyonyesha kwa ajili yangu." Kisha nikajijibu: "Ndiyo." Akaandika, halafu akaacha kuandika.

Mama mkwe akauliza kama ile simu inaweza kurudia alichosema. Mwanachuo akairudisha nyuma, akaiweka juu ya kigoda. Tukasikia sauti yake, na nyuma yake yangu, zikifuatana mpaka kwenye mgomba. Alisikiliza ameshika kipande cha muhogo. Ilipoisha akakiweka juani.

"Mwachishe," akaniambia. "Mtoto wa meno yote akining'inia ziwani ni aibu yako na yangu. Msimu wa maharage umlete nimwone. Mtarudi wote wawili."

Hasira haiishi kwa neno moja. Nikamuuliza, "Hiyo ni ahadi?"

"Chombo hicho si kimesikia?"

Nilimwachisha wiki ileile, kwa mwarobaini niliousaga mwenyewe. Alilia siku mbili, nami nililia siku tatu, kisha tukalala usingizi ambao hatukuwa tumeupata muda mrefu.

Mwanachuo alimaliza kazi yake akarudi kwao. Wapo wanaosema watu wa namna yake huja kuchukua maneno ya watu na kuondoka nayo. Kwangu aliniachia. Kama angekubali nikaulize maswali yangu siku ile, ningekwenda kutukana, na mwanangu ningempoteza kwa uhodari wangu mwenyewe. Alinilazimisha kukaa ndani ya maneno ya mtu niliyemchukia mpaka yalipoisha. Nimeshukuru kanisani, na hapa nashukuru tena. Kwa wengine bado nina hasira, na baba wa mtoto ajue kwamba yumo.

Msimu wa maharage tulikwenda Busunzu, tukakaa mpaka mchana wa siku ya pili. Wakati wa kuondoka, mama mkwe alimbeba mjukuu wake mpaka barabarani. Nilimfuata unyounyo. Basi liliposimama akapanda naye, akanikalisha dirishani, akanipakatisha mtoto magotini mwangu, pamoja na mfuko wa muhogo mkavu.

Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni miezi ile yote: yule wa kwanza, baadaye alimpata?

Konda alikuwa anagonga bati. Mama mkwe alishuka, akasimama chini ya dirisha.

"Hilo siyo swali la barabarani," akasema. "Safari ijayo mkae siku nne."