Mkunga wa Kigoda cha Chuma

Binti huyo aliripoti kituoni kwetu Jumatatu asubuhi, siku ya kliniki, baraza likiwa limejaa akina mama na watoto wao mgongoni. Alishuka kwenye bodaboda, akamwachia dereva gongo lake la kutembelea mpaka alipokaa sawa kwenye mguu mzima, kisha akalichukua na kuja moja kwa moja niliposimama.

"Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi mkunga. Nimepangiwa hapa."

"Marahaba," nikaitika, nikamtazama mguu kabla sijamtazama uso. Najua nilifanya hivyo, kwa sababu hakunyoosha mkono kunipa barua mpaka nilipoinua macho. Alisubiri kwa utulivu, kama mtu aliyezoea kuwapa watu nafasi wamalize kutazama.

Wakati huo nilikuwa muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi katika kituo kimoja cha afya upande wa Bukiriro, wilayani Ngara. Yeye alikuwa ametoka Biharamulo, kwenye familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia huko kutoka Shinyanga kabla hajazaliwa. Mguu wake wa kushoto ulilegea kwa homa akiwa na miaka mitatu. Alinieleza hayo baadaye. Siku ile mimi na mganga mfawidhi tulijifungia ofisini, tukasoma barua yake mara mbili, tukaafikiana haraka kabisa. Tutamweka kliniki ya watoto. Atakaa mezani, ataandika kadi, atapima uzito. Kazi ya kukaa.

Nilitoka pale najiona mtu mwema.

Na kweli aliandika kadi vizuri. Hati yake ilikuwa safi, na watoto walimpenda kwa sababu alikuwa akiwaimbia Kisukuma wakati wa kuwaning'iniza kwenye mizani. Chumba chake kilipakana na changu kwenye nyumba za watumishi. Jioni nilimpelekea maharage na ndizi, naye akanifundisha kula michembe aliyotoka nayo kwao, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Tulicheka sana. Yeye aliwacheka Wahangaza, wenyeji wa kituoni, waliosema "kurara" badala ya kulala, nasi tukamcheka yeye aliyeiita ratiba "latiba". Nilimpenda mapema, na ndiyo maana sikuona kosa langu. Nilidhani mtu unayemletea ndizi huwezi kuwa unamdhulumu.

Mwezi wa tatu aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akabaki amesimama ingawa nilimwonyesha kiti.

"Mama, nimetafuta jina langu kwenye zamu za wodi ya wazazi. Halipo."

"Si uko kliniki, binti yangu."

"Nilisomea ukunga."

"Najua. Lakini utasimamaje saa zote hizo? Mama akishikwa na uchungu ni kukimbia huku na huku."

"Hujawahi kuniuliza nitasimamaje, mama. Umenipangia tu."

Nikajibu la hovyo. Nikamwambia akina mama watashtuka wakimwona.

"Akina mama ndio watashtuka," akauliza, "au sisi?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza dawa imewekwa kabati lipi. Kisha akatoka, nami nikasikia gongo lake likigonga sakafu ya korido mpaka mlango wa kliniki.

Mchana huo sikula. Nilikumbuka kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kwa miaka mingi. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Biharamulo, nami nilikuwa msichana wa Kihangaza nisiyejua hata neno moja la Kisukuma zaidi ya salamu ya asubuhi, "mwangaluka". Muuguzi kiongozi wa pale aliniambia siwezi kuhudumia wazazi nisiosikilizana nao, akaniweka chumba cha kuoshea vifaa. Nilikaa huko mwaka mzima nikichemsha mikasi. Nililia kwenye mvuke ule, kwa sababu ulificha machozi. Yule mama naye hakuwa mbaya. Siku za sikukuu alikuwa akiniletea chakula.

Kesho yake nilimfuata binti mezani kwake kabla akina mama hawajafika, nikavuta benchi nikaketi mbele yake.

"Haya, nakuuliza sasa. Unahitaji nini?"

Alikuwa na majibu tayari. Alihitaji kigoda kifupi kisichoyumba, akikalie wakati wa kumpokea mtoto. Alihitaji bomba la chuma ukutani la kushika anapoinuka. Vifaa viwekwe usawa wa mkono, si juu ya kabati. Basi. Chuoni alizalisha hivyo na alifaulu.

"Na zamu?" nikauliza.

"Zamu nipe kama wengine. Ukinipunguzia, wenzangu watanichukia, na watakuwa na haki."

Fundi wa kuchomelea tulimpata Kabanga, karibu na stendi ya mabasi. Alitengeneza kigoda kizuri, lakini kwa ubunifu wake akakiwekea magurudumu manne, akidhani anatusaidia. Binti alipokikalia mara ya kwanza, kikateleza kwenye sakafu ya wodi kama ndama aliyefunguliwa, naye akaanguka chali mbele ya wauguzi watano. Mimi nilikwishaanza kusema moyoni, unaona sasa. Yeye akabaki amelala pale akitazama dari, halafu kicheko kikamtoka, kicheko kirefu, mpaka akashika tumbo.

"Mng'oeni magurudumu huyu," akasema. "Anataka kwenda Burundi."

Magurudumu yaling'olewa. Kikabaki kitanda. Kitanda chetu cha kujifungulia kilikuwa kirefu na hakishuki. Skrubu zake zilishika kutu zamani. Akiwa kwenye kigoda, mikono yake haikufika vizuri. Binti akapendekeza tutandike godoro la plastiki chini, pembeni ya lile bomba la ukutani, na mama atakayependa apige magoti alishike, au achuchumae.

Mkunga mwenzangu mmoja, mwanamke niliyefanya naye kazi miaka mingi na ninayemheshimu, alikasirika waziwazi. "Tumesoma ili tuwapandishe akina mama kitandani. Leo tunawarudisha chini kama enzi za bibi zetu, kwa ajili ya mtumishi mmoja?"

Mganga mfawidhi naye alisita. Nikafungua kabati, nikatoa mwongozo wa huduma za uzazi uliokuwa umekaa humo na vumbi lake, tukausoma pamoja. Humo iliandikwa wazi kwamba mama apewe nafasi ya kuchagua mkao wake. Tulikuwa tumehudhuria hadi semina yake. Hatukuwa tumewahi kumwuliza mama hata mmoja.

Wa kwanza alikuwa mama kutoka Kirushya, mimba ya tatu, aliyeletwa saa nne asubuhi na mama mkwe wake. Mama mkwe alipomwona binti akiingia na gongo, akanigeukia mimi.

"Nesi, huyu naye anaumwa. Atamsaidiaje mwenzake?"

Nilifungua mdomo nimtetee. Binti akaniwahi.

"Mguu ndio unaoumwa, bibi. Mtoto nampokea kwa mikono." Akaketi kwenye kigoda chake, akanyoosha mikono yote miwili ili bibi aione. "Njoo uwe karibu. Mshike mwanao mabega."

Kisha akamwuliza yule mama alivyopenda kukaa. Mama akatazama kitanda, akatazama godoro, akashuka akapiga magoti. Akalishika bomba kwa nguvu. Binti alikuwa nyuma yake, chini kabisa, uso wake ukiwa usawa mmoja na kazi, na sauti yake ikawa ile ya kuimbia watoto kwenye mizani. Alimwambia asukume lini na apumzike lini. Mikono iliniwasha. Mara mbili nilisogea nichukue nafasi, na mara mbili nikajizuia.

"Mama," akaniambia bila kugeuka, "niletee kitambaa kikavu."

Nikaenda mbio. Mimi, kiongozi wa wodi, nikatumwa kitambaa na muuguzi niliyemwekea meza ya kadi, na sijawahi kutumwa nikafurahi namna ile. Mtoto alitoka wa kike, akalia mara moja. Binti akamweka mtoto palepale mikononi mwa mama yake, na mama mkwe akainama akaanza kusema maneno ya Kihangaza ya kumkaribisha mjukuu. Binti hakuyaelewa, ila aliitikia kwa kichwa kwa adabu kila bibi aliponyamaza.

Kabla hawajaondoka, yule mama aliniambia kitandani palikuwa pakimtia hofu ya kuanguka, mara zote mbili za mwanzo. "Hapa chini nilijua nilipo," akasema.

Habari zilisambaa kwenye foleni za kliniki haraka kuliko tangazo lolote ambalo tungebandika. Akina mama walianza kuulizia godoro. Wengine walichagua kitanda, nasi tukawapandisha. Mkunga mwenzangu aliyekasirika alishikilia msimamo wake wiki kadhaa. Siku moja nilimkuta amekalia kigoda, anamshona mama aliyechanika, mgongo wake ameuegemeza ukutani.

"Mgongo unaniuma miaka mingi sasa," akasema bila kunitazama. "Mwambie fundi atengeneze kingine."

Sisemi kwamba kila kitu kilinyooka. Wapo ndugu wa wagonjwa waliomwita majina mabaya, na kuna siku alikuja chumbani kwangu, nami nikamwekea chai, basi. Mtumishi mmoja aliyehamia kwetu aliomba asipangwe naye zamu moja, akidai atabeba kazi ya watu wawili. Nilimpanga naye mwezi mzima. Mwishowe ni mtumishi huyohuyo aliyeomba waendelee pamoja.

Mwaka jana alinikaribisha kwao Biharamulo. Baba yake alikuwa mzee mrefu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nilimwamkia, akaitikia, akaniketisha kivulini pembeni ya zizi. Wake zake walileta maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alinitazama nikinywa mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kutafuta neno mojamoja:

"Huyu mwanangu. Bado anaandika kadi?"

"Hapana, mzee. Anazalisha."

"Yeye? Kwa mikono yake?"

"Kwa mikono yake. Na wanafunzi wanaokuja kujifunza kwetu, yeye ndiye anayewafundisha."

Mzee akageuka, akaita kwa Kisukuma kuelekea nyumbani. Wanawake wakatoka, na vijana, na shangazi mmoja aliyekuwa akipepeta mahindi akaja na ungo wake. Wakakaa chini kunizunguka. Binti akajiinamia kwa aibu, akanishika kanga nisiendelee.

"Rudia, nesi," mzee akasema. "Rudia polepole, mwanangu awatafsirie wote wasikie."

Nikarudia.