Mdoli wa Mzee Kathembo

Pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, ukimtaja Ronah, watu watacheka kwanza. "Yule wa midoli?" Mwanamke mzima, ana kibanda chake cha kuchaji simu, na bado anafinyanga watu wa udongo! Lakini hao hao wanaomcheka ndio wanaomjia awatengenezee matangazo ya maduka. Viazi vya kwenye tangazo la mama Consolée, vinavyojimenya vyenyewe na kuingia sufuriani, unadhani ni kazi ya nani? Ronah anasogeza kitu kidogo tu, anapiga picha, anasogeza tena. Programu iliyomo kwenye simu yake inaziunganisha hizo picha mpaka kitu kinatembea. Inataka subira, jamani!

Mwaka huu hata yeye kicheko kilimwisha. Baba yake, mzee Kathembo, aliyewabebea wageni mizigo kwenye milima ya Rwenzori tangu ujana wake, alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Kidonda kilipona, mzee hakupona. Akaugeukia ukuta, akakataa katakata kusimama. Ronah alimbembeleza, akamgombeza, akalia mbele yake. Wapi!

Basi akamfinyanga. Udongo aliuchanganya na mafuta usipasuke, akamvika mdoli kofia ya sufu, akambebesha mzigo. Meza akaisogeza kando ya kitanda cha mzee, makusudi kabisa, akaanza kumpandisha mdoli mlima wa udongo. Kila alipotaka kumsogeza, programu ilimwonyesha picha iliyopita kwa mbali, kama kivuli, ajue mguu umetoka wapi.

Siku moja mzee akageuka.

"Hii ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Mimi niko na miguu mbili?"

Akanyoosha mkono, akaung'oa mguu wa kulia wa mdoli, akautupa chini. Ronah akainama kuuokota. Kazi yote ile, na kumbe amemuumiza baba yake! Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Alichukua kijiti cha kiberiti, akakichomeka kwapani mwa mdoli kama mkongojo.

"Sasa hii ndiyo mimi. Mupandishe."

Ronah akashika simu. Akakwama.

"Baba, nini inatangulia? Fimbo ama mguu?"

Mzee akamtazama mdoli, akatazama kivuli kwenye kioo cha simu. Akakasirika, maana aliizoea milima ile kuliko njia ya shambani kwake, na leo hatua moja tu inamshinda.

"Hata mimi sijui," akasema, akalitupa blanketi. "Kuja hapa. Nishike nisimame, tuone."