Nilikitambua Kidole cha Wekesa

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka sabini na tisa, ni Mtaita wa Wusi, mstaafu na mzee wa kanisa. Najua ukurasa huu husomwa zaidi na vijana wenye mambo ya mapenzi. Mke wangu huusoma pia, naye ndiye aliyeniambia niwaandikie. Jumapili ijayo kanisa letu litafungua ukumbi na kuupa jina langu, kwa kazi niliyofanya miaka ya sabini ya kuwatetea wakata mkonge. Kuna jambo ambalo hawalijui.

Wakati huo nilikuwa karani katika shamba la mkonge nje ya Voi. Niwaeleze kidogo, maana wengi wenu mkonge mnauona tu mkiwa barabarani. Mkataji aliamka alfajiri, akakata majani, akayafunga mafungu, na asipomaliza mafungu aliyopangiwa, siku ile haikuhesabiwa hata kama jua lilimchoma mpaka jioni. Mshahara ulikuwa wa unga na chumvi. Ndipo makanisa ya mjini, pamoja na msikiti, yakakubaliana kuiandikia serikali barua ya kuomba kima cha chini cha mshahara kipandishwe.

Wafanyakazi waliogopa kufukuzwa. Mchungaji wetu akasema basi tusiandike majina, kila mtu aweke kidole gumba tu, hata anayejua kusoma. Watu walicheka wakitiana wino baada ya ibada. Rafiki yangu Wekesa, mkata mkonge kutoka upande wa Bungoma, alikuwa wa kwanza. Akanitania, "Karani, leo na wewe utachafuka kama sisi. Shemeji yangu atakuuliza umetoka wapi." Alimwita mke wangu shemeji kwa utani, kwa sababu tulimpa mtoto wetu jina la mama yake Wekesa.

Kosa lilikuwa langu. Kwetu kumshitaki mtu bila kumwambia ni utovu wa adabu, na mimi nikasema kikaoni kwamba meneja apelekewe nakala, asije akasema kanisa lilimzunguka. Wazee wakaona ni hekima. Kila mtu akaweka kidole mara mbili, karatasi moja ya serikali, nyingine ya meneja. Nikaipeleka mwenyewe.

Meneja aliisoma taratibu, kisha akaniuliza, "Siku ya mshahara nani huwashika hawa vidole wakitia sahihi?"

"Ni mimi, bwana."

"Basi unavijua. Nitajie mmoja. Mmoja tu, wengine watanyamaza wenyewe."

Nikamwambia vidole vyote vinafanana. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba nyumba ninayolala ni ya shamba, na amesikia mke wangu amejifungua juzi. Wakata mkonge wengi walikuwa na makovu, lakini kovu la Wekesa lilikata kidole gumba katikati, kutoka kona hadi kona. Siku kisu kilipomkata, mimi ndiye niliyemfunga kitambaa. Alama yake ilikuwa ya kwanza kabisa juu ya karatasi. Nikasema, "Wekesa." Hakunipiga, hakunitukana. Alinipa karatasi nipige taipu barua ya kumfukuza.

Niliipeleka nyumbani kwake mchana. Alikuwa anakula. Akaniomba nimsomee, nikamsomea.

"Karani, wamejuaje?"

"Sijui, ndugu yangu."

"Hata wewe wa ofisini hujui?"

"Sijui."

Akamgeukia mkewe akasema, "Mama Nasimiyu, funga vitu. Karani wetu amehangaika mpaka amekonda uso." Nilibeba masanduku yao hadi steshenini. Nasimiyu, bintiye wa miaka minane hivi, alinishika mkono njia nzima.

Miezi kadhaa baadaye serikali ikatangaza nyongeza. Ni mimi niliyesoma tangazo mimbarani, na watu wakaimba. Wekesa alikuwa kwao, hana kazi. Alinitumia barua alizoandikiwa na wengine mpaka alipofariki, na kila barua iliniuliza hali ya watoto. Nilimjibu zote. Hakuna hata moja ambamo nilimwambia ukweli.

Sasa kamati imemtafuta Nasimiyu aje kutoa ushuhuda. Alinipigia simu wiki iliyopita. "Baba, mimi sasa ni nyanya. Babangu alisema Voi nzima alikuwa na rafiki mmoja, na ndiye wewe. Nataka nikushike mkono mbele ya watu." Nilijibu tu, "Karibu, mwanangu," nikakata simu.

Nilimweleza mchungaji wetu wa sasa, kijana mwema. Akasema, "Mzee, mwaka huu tunataka kuwasemea wafanyakazi wa mashambani tena. Wakisikia kwamba mara ya kwanza mtu wa kanisa ndiye aliyemtaja mwenzake, nani ataweka sahihi?" Siwezi kusema hana hoja. Mke wangu naye, ambaye nimelala naye nyumba moja miaka yote hii, nilimwambia siku hiyo hiyo. Hakulia. Aliuliza, "Ile nyumba niliyolelea mtoto ndiyo iliyokufanya umuuze Wekesa?" Baadaye akasema, "Mwambie huyo mama kabla hajaondoka kwake. Usimwache asafiri kuja kukushukuru."

Jina ukutani naweza kulikataa, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba nikimwambia Nasimiyu, nitamnyang'anya rafiki ambaye babake alikufa akiamini alikuwa naye. Nisipomwambia, Jumapili nitasimama nimeshikwa mkono na mtoto wa mtu niliyemfukuza, nikipigiwa makofi. Anaondoka kwao Alhamisi asubuhi. Nyinyi ambao baba zenu walifanya kazi mashambani, mngependa kuambiwa? Nishikeni mkono kwa ushauri, nimpigie simu au ninyamaze?