Gunia la Nyimbo

Baba alinisukuma kupitia lile tundu la ukutani ambalo mwanga wa picha ulipitia kwenda kwenye pazia. Watu wa ukumbini wakanidaka. Nilipogeuka niliona mkono wake tu, unapapasa ukingo wa tundu, na nyuma yake moto mweupe. Mabega yake hayakuenea. Akapiga kelele, "Mlango! Fungueni mlango!" Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa na kufuli kwa nje, na ufunguo alikuwa nao baba mdogo.

Nirudi nyuma, maana hapa Songea watu wanasimulia moto, kufuli hawalitaji.

Mtaa wa Majengo kulikuwa na mzee Mhindi wa Kitamil, muuza vitambaa. Alitunza filamu ya lugha yao ndani ya makopo ya bati, ya zamani kabisa, tangu sinema zao zilipoanza kutoa sauti. Marehemu baba yake alipiga kinanda humo. Enzi hizo, alitusimulia, mwigizaji aliimba mwenyewe palepale anapopigwa picha, na wapiga muziki walijibanza nyuma ya vichaka wasionekane.

"Baba yangu yumo," alimwambia baba, aliyekuwa fundi wa mashine ya picha. "Kumwona huwezi, fundi. Utamsikia."

Alitaka kitu kimoja tu: amsikie tena kabla hajafa. Na alituonya kwamba filamu za aina ile zinashika moto kama petroli, sigara isizisogelee.

Ukumbi ulikuwa wa baba mdogo. Alikubali, ila nyimbo zitoke, kama alivyozitoa kwenye kila picha ya Kihindi. Wateja wanataka ngumi, akasema.

"Mdogo wangu, hii yote ni nyimbo," baba akabisha. "Ukizitoa kinabaki nini?"

"Zinabaki picha."

Akakata kwa mkasi mwenyewe. Vipande akavishindilia kwenye gunia, akaliacha chumba cha mashine. Na siku ya kuonyesha, kama kawaida yake, akamfungia baba kwa nje, eti asiingize jamaa zake kwa mlango wa nyuma. Kaka yake wa tumbo moja! Mimi nilikuwa nimepeleka chakula, nikafungiwa humohumo.

Picha ikaanza. Mwanamke anafungua mdomo, mara yuko nyumba nyingine. Mwanamume anafungua mdomo, mara yuko juu ya farasi.

"Huyu kila akitaka kusema anahamishwa!" mtu akapayuka.

"Kama mwalimu! Kesho utamkuta Tunduru!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mzee alikaa mbele na shati lake lililopigwa pasi. Akasimama, akatazama juu kwenye tundu letu. "Fundi, baba yangu yuko wapi?"

Baba akasimamisha mashine, akafungua gunia, atafute japo wimbo mmoja aurudishe. Baba mdogo akafungua mlango na sigara mdomoni.

"Endesha picha!"

"Mzee wa watu analia."

"Nimesema endesha!" Akatupa kipisi chini, akatoka. Nikasikia kufuli. Halafu gunia likanguruma.

Waliuvunja mlango kwa benchi, tumeshachelewa. Baba mdogo alikuwa barabarani, amesimama.

Msibani mwenyekiti wa mtaa alisema ni hitilafu ya umeme. Uongo, na alijua. Wazee wa ukoo wakamwambia mama mambo ya ndani yabaki ndani. Mzee wa vitambaa alikuja na kopo tupu, akakaa nalo mapajani mpaka jioni. Alikufa hajamsikia baba yake. Mimi shule iliishia darasa la nne, na mkono huu wa kulia haunyooki.

Baba mdogo yuko hai, anaishi mtaa wa Mjimwema, anapewa shikamoo na kila apitaye. Mimi simpi. Asinijibu kwa kinywa cha mwenyekiti, wala asimsingizie Mungu. Baba mdogo, sauti ya kaka yako ilifika mpaka barabarani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwako. Ulikuwa unasubiri nini?