Chakula cha Samaki wa Patron

Watu hunicheka nikisema nimelisha samaki wa bahari hapa Bukavu. Ziwa lote lile liko mlangoni, na mimi nilikuwa na sanduku la kioo saloni, pale sebuleni, maji ya chumvi, na ndani samaki mmoja wa manjano, mpana kama kiganja, ambaye hata kumkaanga haikuruhusiwa. Haya, cheka. Na sisi tulicheka siku za kwanza.

Alikuwa wa patron, mwajiri wa mume wangu. Mume wangu alikuwa magazinier, mtunza stoo, katika duka la yule mzungu, na mwaka ule Leta, yaani serikali, iliponyang'anya wageni maduka na kuwapa Wazairwa, patron alifunga masanduku yake akaenda Ulaya. Aliyepewa duka aliuza vitu vyote, mpaka rafu, kisha akafunga mlango. Lakini kabla ya kuondoka, patron alileta lile sanduku kwetu Bagira kwa camionnette, pamoja na mfuko wa chumvi ya bahari, kopo la chakula na kimashine cha kupuliza hewa. Alimwambia mume wangu: "Nitunzie. Nikirudi, tutaanza tena pamoja." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisikia kwa masikio yangu.

Basi kazi ya mume wangu ikawa imo ndani ya yule samaki. Akiishi, kazi iko. Hakuna aliyesema hivyo, lakini hata watoto walijua, walipita saloni polepole.

Patron alikuwa ameeleza chakula. Samaki huyu si mla nyama, ni wa malishoni, kama mbuzi. Anadonoa kutwa nzima. Usimpe mlo mmoja mkubwa. Mpe jani dogo asubuhi, dogo mchana, dogo jioni, lile analoweza kumaliza, na linalobaki ulitoe. Mtazame tumbo: likibonyea ana njaa, likiwa duara kidogo inatosha. Mume wangu alirudia maneno hayo mpaka nikachoka. Kopo la chakula cha Ulaya lilipokwisha, tulimpa lengalenga, mchicha wa huku kwetu. Nililichovya kwenye maji ya moto kidogo, nikalifunga kwenye kijiwe kwa uzi, nikalishusha. Maji yakipungua tuliongeza ya mvua, maana chumvi yenyewe haiendi popote. Jirani yangu mmoja wa kutoka Kasha alikuja kuomba ile chumvi, akaambiwa hapana. Akasema, "Aka! Samaki yenu iko nakula chumvi, sisi tunakula maharage bila chumvi."

Mume wangu hakupata kazi nyingine. Alizunguka ofisi zote na karatasi zake, wakamwambia apite tena. Asubuhi alikuwa anavuta kiti, anakaa mbele ya kioo, anatazama tumbo la samaki. Mimi nilikuwa nauza maandazi. Nakiri, kuna siku nilimchukia yule samaki kwa moyo wote, kwa sababu alikuwa anatazamwa kuliko mimi.

Zaidi ya miaka miwili ilipita hivyo. Kisha Leta ikabadili maneno, wageni warudi. Na kweli barua ikafika: patron atakuwa Bukavu mwisho wa mwezi. Mume wangu aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Alipiga pasi abakosi yake, suti ya heshima isiyo na tai, akaitundika. Lakini ilibidi tule, kwa hiyo alishuka bondeni Sange kwa lori kutafuta mchele wa kuuza. Mlangoni akaniambia, "Maman, usizidishe majani." Nikamwambia, "Papa, enda. Mimi si mutoto."

Jumamosi ikawa salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, mtaa mzima. Tulizibua mitaro, tukafagia, chef wa mtaa akapita kukagua. Nilirudi nyumbani na brashi mkononi na joto la kazi mwilini, nikatazama lile sanduku. Mungu wangu! Kioo kina kijani pembeni, mawe yameota manyoya ya kijani kama choo kilichoachwa. Patron aingie hapa akute hivi? Aseme mke wa magazinier ni mchafu? Nilikunja mikono. Nilitoa jiwe moja moja, nikalisugua mpaka likawa jeupe, nikalirudisha. Nilikwangua kioo kila upande. Maji yakang'aa, na mimi nikafurahi, niliita hata jirani aje aone.

Siku ya tatu niliona tumbo limebonyea. Samaki alikuwa anapita juu ya yale mawe, anadonoa, hapati kitu, anarudia. Nilijua neno moja tu, njaa. Nikampa lengalenga, halafu lingine, halafu kitonge cha bugali. Alidonoa kidogo akaacha. Nikasema labda ananuna, nikaongeza. Maji yakawa meupe kama uji, yakanuka. Asubuhi ya siku ya sita alikuwa amelala ubavu, jicho moja linatazama juu. Nilimgusa na kijiko. Nilikaa chini kwenye sakafu nikapiga kelele, jirani akadhani amekufa mtu.

Mume wangu alirudi na gunia lake begani. Alitazama mawe kwanza, si samaki.

"Ulisugua?"

"Nilisugua. Ilikuwa uchafu."

"Ile kijani njo ilikuwa chakula yake. Yetu ilikuwa ya kuongeza tu."

"Hukuniambia!"

"Nilizani unaona. Kila siku alikuwa anakula pale."

Hakunipiga, hakunitukana. Ningependa anitukane.

Mwezi ulipoisha tulienda wote wawili kwa patron, kwenye nyumba yake karibu na ziwa. Nilitaka kukiri mwenyewe kwamba kosa ni langu, labda atamhurumia. Mume wangu alivaa abakosi. Tulimkuta barazani kati ya makaratoni. Nilisema yote, salongo, brashi, bugali, nikitazama viatu vyangu.

Patron alicheka, bila ubaya. "Alikuwa bado mzima? Mimi nilijua atakufa wiki ya kwanza. Niliwapa ninyi kwa sababu sikuweza kumtupa mbele ya watoto wangu." Mume wangu akamuuliza kuhusu kazi. Akajibu: kazi gani? Amekuja kuuza nyumba, baada ya majuma mawili anaondoka, harudi tena. Akatushukuru, akatupa mkono wa kwaheri.

Tulipanda njia ya Bagira kwa miguu. Tulipofika mbali mume wangu alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ya kwanza tangu arudi kutoka Sange: "Kumbe haikuwa wewe."

Alitaka kunituliza. Nililia njia yote iliyobaki kuliko siku ile ya samaki. Ningependa iwe mimi. Kama ni mimi, basi kazi ilikuwako, na mume wangu hakukaa miaka yote ile mbele ya kioo bure.