Mlango Kutoka Kilifi

Okoth sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Alikuwa ndugu yake Seline, jirani yangu wa Gatwekera, hapa Kibera. Kila alipotoka Kilifi, alikokuwa karani wa shamba la mkonge, alikuja na papa mkavu na maneno laini. Papa nilimla. Maneno sikuyameza.

Mume wa Seline, Jeconia, alikuwa mpishi wa Wazungu kule Kilimani. Kila Desemba walimchukua pwani akawapikie likizoni, na kila Januari alirudi na hadithi za utulivu.

"Nasipwondi," aliniambia, "huko mtu akikohoa mtaa wa pili unamsikia!"

Gatwekera tulisikia ugomvi wa nyumba sita kwa mkupuo. Jeconia alikuwa amejenga vyumba vinne vya udongo kwa mikono yake mwenyewe, na kila masika ukuta mmoja uliporomoka, akaukandika upya. Aliapa kwamba uzee hautamkuta kwenye matope. Wenzake wa kanisani walimtania, "Mjaluo gani anafuata maji ya chumvi na kwao kuna ziwa?" Hakuwajali.

Mwaka wa sabini na nne Okoth akaja akisema anataka kuuza nyumba yake, ng'ambo ya kivuko cha Kilifi. Kuta za mawe, mlango wa mvule, minazi uani. "Heri iende kwa dada yangu kuliko kwa mgeni," alisema. Jeconia alikwenda kuiona akarudi akicheka peke yake. Alikuwa ameuliza yale anayouliza kila mtu wa Kibera akinunua nyumba: barua ya chifu ipo? Majirani wawili wa kushuhudia wapo? Vyote vilikuwepo. Ardhi hakuiuliza. Kwetu ardhi ni ya serikali, nani huiuliza? Akamuuzia Shivachi wa mtaani kwetu vyumba vyote vinne, akamlipa Okoth, kisha yeye na Seline wakapanda gari moshi.

Siku ya tatu huko, Seline aliokota nazi uani. Jirani akamwambia kwa upole, "Mama, hiyo ina mwenyewe." Nyumba ilikuwa yao, minazi ya mtu mwingine, na shamba la mtu wa tatu. Ndiyo desturi ya huko, hata mtoto anaijua, na Okoth alikuwa ameishi nayo miaka kumi.

Hilo wangelivumilia. Lakini wiki hiyo hiyo mwenye shamba akaja, mzee mstaarabu, akanywa chai yao, kisha akauliza mbona wamehamia badala ya kubomoa. Akatoa karatasi. Shamba limeuzwa, nyumba iondolewe kabla ya Pasaka. Chini kulikuwa na sahihi ya Okoth kwamba ameipokea, miezi miwili kabla hajawauzia.

Seline aliitazama sahihi ile mpaka chai ikapoa. "Huyu nimembeba mgongoni," alisema.

Walibomoa wenyewe. Walirudi Gatwekera na mlango wa mvule tu, na Shivachi akawapangisha kimoja cha vile vyumba vinne alivyovijenga Jeconia. Jeconia akang'oa mlango wa mabati, akaweka ule wa mvule. Ulikuwa mzito kuliko ukuta ulioushika. Miaka minne hakulitaja jina la Okoth. Mimi nililitaja kwa niaba yake, tena kwa sauti.

Kisha Okoth akafukuzwa kazi. Jumapili moja nikamwona na mkoba wake, amesimama mbele ya mlango anaoujua. Nikaacha kufua.

"Hodi, shemeji. Sina pa kulala."

Niliwasikia wakinong'onezana, kisha sauti ya Jeconia ikatoka ndani, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Mlango ni wangu, Okoth. Ukuta ni wa Shivachi. Ardhi ni ya serikali. Kawaombe hao wawili kwanza."

Okoth akamwita dada yake, mara mbili, kwa jina la utotoni. Hatua za Seline zikaja mlangoni. Nilisikia komeo likisukumwa mpaka likafunga.